Kuzuru Maziwa ya Uskoti Wakati wa Mvua: Mwongozo kwa Mume na Mke Wanaotoka Mombasa

Mume na mke wanaotaka kuizunguka Uskoti kwa gari wanapaswa kukubaliana jambo moja kabla ya kukata tiketi: mvua itanyesha, na safari yote ipangwe kwa kuizingatia. Wengi huandaa ratiba ya kulala mji mpya kila usiku ili waone kila kitu, kisha siku za mawingu zinapofuatana wanajikuta wameyapita maziwa yote wakiwa garini, vioo vimejaa ukungu na kila mmoja amechoka na mwenzake. Ni bora kuchagua vituo vichache na kukaa angalau siku tatu katika kila kimoja, ili siku ya mvua kubwa itumike ndani ya majumba ya makumbusho na siku tulivu ibakie kwa ajili ya ziwa na milima.

Inafaa kuelewa mvua hiyo hutoka wapi. Pepo zinazovuma kutoka bahari ya Atlantiki hubeba unyevu hadi milima ya magharibi, hupandishwa juu, hupoa na kuumwaga unyevu huo papo hapo, hivyo upande wa mashariki hubaki mkavu zaidi. Baadhi ya milima ya magharibi hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, ilhali Edinburgh, iliyoko mashariki, hupata milimita 700 hivi, kiasi ambacho ni pungufu ya mvua ya Mombasa. Tofauti ni kwamba masika yetu humwaga maji mengi kwa muda mfupi kisha jua likatoka, na mvua ya Edinburgh hugawanyika katika siku nyingi za manyunyu. Kwa hiyo utabiri unaposema magharibi kutanyesha mchana kutwa, mara nyingi saa mbili za barabara kuelekea mashariki zinatosha kuokoa siku.

Mwezi ninaoupendekeza ni Mei. Huku kwetu masika huwa yamepamba moto, na kule Aprili na Mei huwa miongoni mwa miezi yenye mvua chache. Pia usubi, wale wadudu wadogo mno wanaouma kwa makundi penye unyevu na hewa iliyotulia, huanza kuenea mwishoni mwa Mei na kusumbua hadi Septemba. Anayelazimika kwenda Julai achukue dawa ya kujipaka na apumzike mahali penye upepo, kwa kuwa usubi hauwezi kuruka penye upepo wa wastani.

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya mgeni ya Uingereza. Maombi hujazwa kwenye intaneti, hayapokelewi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya safari, na kila mmoja hujaza fomu yake hata kama ni mke na mume wanaosafiri pamoja.

Kwenye mavazi hapafai haraka, kwa sababu koti baya huharibu likizo kuliko mvua yenyewe. Makoti mazuri hupatikana kwenye mitumba ya Kongowea, mradi mnunuzi ajue la kukagua. Ligeuze koti ndani nje uangalie mishono: ikiwa imezibwa kwa utepe mwembamba uliobandikwa, lilishonwa kwa ajili ya mvua halisi, na ikiwa nyuzi zinaonekana wazi, maji yatapenya mabegani. Kisha muombe muuzaji maji kidogo, uyamimine begani na usubiri dakika chache. Matone yakisimama juu ya kitambaa na kuteleza, lichukue. Kitambaa kikigeuka rangi na kulowa, lirudishe. Koti liwe na kofia inayokazwa kwa kamba na liwe refu kupita kiuno. Mwavuli uacheni nyumbani, kwa maana upepo wa kule huupindua mara moja.

Ndani ya koti vaeni nguo kadhaa nyepesi, za sufu au za nyuzi zinazokauka upesi, kwa kuwa pamba ikilowa hukaa na baridi mwilini. Bibi anayevaa buibui asilazimike kuliacha: achague la kitambaa chepesi kisichonyonya maji, alipunguze pindo lifike kifundoni badala ya kuburura, na avae suruali ya mvua chini yake. Viatu viwe buti zisizopenya maji, na zivaliwe hapa Mombasa kwa majuma kadhaa ili zizoee mguu. Mnapotafuta malazi, ulizeni kama kuna chumba cha kukaushia nguo; nyumba nyingi zinazopokea wageni wapenda milima huwa nacho, na mimi ningekichagua mbele ya mandhari ya dirishani.

Uendeshaji gari si mgeni kwetu, kwani kule pia hushika kushoto, na leseni halali ya Kenya hukubaliwa kwa miezi 12 tangu mtu aingie nchini. Kampuni nyingi za kukodisha hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na gari la gia otomatiki huagizwa mapema. Kasi na umbali huandikwa kwa maili, hivyo kibao cha 60 kina maana ya kilomita 96 hivi kwa saa.

Kinachohitaji mafunzo ni barabara nyembamba za milimani zenye nafasi ya gari moja tu. Kila baada ya mwendo mfupi kuna sehemu ya kupishana iliyowekewa kibao. Gari likija mbele yako na sehemu hiyo iko kushoto kwako, ingia usubiri. Ikiwa iko kulia, simama mkabala nayo ukiwa upande wako wa kushoto, umwache mwenzako aingie. Mwenye haraka aliye nyuma yako mpishe pia, na kamwe msiegeshe humo ili kupiga picha. Asiyeendesha awe ndiye msoma ramani, akiwa ameipakua kwenye simu, kwa kuwa mtandao hupotea katika mabonde. Vioo vikijaa ukungu kwa sababu ya nguo mbichi, washeni kiyoyozi pamoja na hewa moto, kwani kiyoyozi hukausha hewa.

Kuhusu njia, anzeni Glasgow. Siku ya mvua ipo Kelvingrove, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1901, ambalo halitozi kiingilio. Kutoka hapo Loch Lomond ("loch" kule ni ziwa au hori la bahari), ziwa lenye eneo kubwa kuliko yote katika kisiwa cha Britania, si mbali, lakini mimi ningewahimiza msilikose Loch Katrine. Maji ya ziwa hilo yamekuwa yakipelekwa Glasgow tangu mwaka 1859, Malkia Victoria alipouzindua mradi huo, na juu yake kuna meli ya mvuke ya Sir Walter Scott iliyoanza safari zake mwaka 1900. Ziwa kama hilo huonekana vizuri zaidi kunaponyesha, kwa sababu kila ufa wa mlima hugeuka maporomoko.

Kituo cha pili kiwe Fort William, kilomita 170 hivi kutoka Glasgow kwa barabara ya A82 inayopita bonde la Glencoe. Mkitaka kupitia mji mdogo wa Inveraray kwanza, fuateni barabara ya A83, ila ulizeni hali yake asubuhi hiyo, kwani mlima ulio juu ya kipito cha Rest and Be Thankful huporomoka baada ya mvua kubwa na barabara hufungwa. Inveraray iko kwenye Loch Fyne, na huko mtaona maji yakijaa na kupwa, kwa kuwa Loch Fyne ni hori la bahari kama lile la Tudor, isipokuwa limezingirwa na milima badala ya mikoko. Asiyetaka kuendesha apande treni ya Glasgow hadi Mallaig: hupita Rannoch, nyika ya maji na matope, kisha daraja la Glenfinnan lenye matao 21.

Kutoka Fort William hadi Inverness ni kilomita 105 hivi, na sehemu ya njia hiyo huambaa na Loch Ness. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 37 na kina cha mita 230 hivi, na lina maji mengi kuliko maziwa yote ya England na Wales yakijumlishwa. Simameni kwenye magofu ya ngome ya Urquhart, mkae hadi wingu lifunguke.

Chakula cha halali kinapatikana kwa urahisi Glasgow na Edinburgh. Katika miji midogo tegemeeni samaki, kome na mboga, na muulize samaki hukaangwa kwa mafuta gani, kwa kuwa baadhi ya maduka hutumia mafuta ya ng'ombe. Jikoni nyingi hufungwa saa mbili au saa tatu usiku. Katikati ya Mei jua huzama Inverness baada ya saa tatu usiku, hivyo pangeni sala za usiku mapema, mkitumia ruhusa ya msafiri ya kukusanya. Misikiti mikuu ya Glasgow, uliofunguliwa 1984, na Edinburgh, uliofunguliwa 1998, iko katikati ya miji.

Malizeni Edinburgh, rudisheni gari siku hiyo hiyo mnapofika, kwani maegesho ni ghali na mji hutembelewa kwa miguu. Kabla ya kwenda uwanja wa ndege, tumieni noti zote zilizochapishwa na benki za Uskoti au mzibadilishe huko kwa noti za Benki Kuu ya Uingereza, ambazo maduka ya kubadilisha fedha ya Mombasa yanazifahamu.