Jinsi ya kupata muvi bubu za bure na kuzitafsiri kama kibanda umiza

Wapenzi wa muvi, kama umechoka kurudia zile zile ingia archive.org, wana muvi kibao za zamani ambazo hakimiliki yake Marekani imeshaisha, hulipi hata mia. Tafuta jina la Buster Keaton, steringi mchekeshaji wa muvi bubu za Marekani, anza na Sherlock Jr. ya 1924, ni kama dakika 45 tu. Chagua faili dogo la MP4 ulidaunlodi, bando lisiishe.

Itazame kwanza peke yako. Pale steringi anapong'ang'ania bomba la tenki la maji pembeni ya reli, rudisha nyuma uangalie taratibu, maji yanamshukia kwa nguvu mpaka anadondokea reli, na hapo shingo ya Keaton mwenyewe ilivunjika kweli jamani, ila akaendelea na kazi, akaja kujua miaka mingi baadaye alipopigwa eksirei. Mimi mwili unanisisimka kila mara.

Sasa waite watoto na majirani, zima muziki, wewe ndo DJ wa kutafsiri. Mpe kila mtu jina la mtaani, yule mwizi wa saa mpe sauti nzito ya kukwaruza, maandishi yakitokea usiyasome neno kwa neno, sema kivyako, watu watacheka mpaka basi.

Ikiisha weka Steamboat Bill, Jr. ya 1928. Ukuta mzima wa nyumba unamwangukia Keaton, anapona kwa sababu kasimama palepale penye dirisha, na ule ukuta ni wa kweli kabisa.