Kukituliza Kishungi Kisichotaka Kulala

Mkalishe mtoto chini ya taa, zilowanishe nywele zake kwa maji, kisha mtazame utosini: utaona mahali ambapo nywele zimezunguka kama kisulisuli kidogo. Hapo ndipo kinapochomoza kile kishungi ambacho kila asubuhi husimama wima, hata kama usiku kilipakwa mafuta yakatiririka hadi shingoni. Watu wengi wana mzunguko mmoja wa namna hiyo, wachache wana miwili, na wengine wana wa ziada juu ya paji la uso au kisogoni. Mwanangu wa kwanza ana miwili utosini, nami nilihangaika nayo kwa miaka kadhaa kabla ya kuelewa kwamba nilikuwa nikishughulikia ncha za nywele, ilhali ukaidi wote uko kwenye shina.

Kila unywele huota kwenye kinyweleo kilichoinama upande fulani, na mwinamo huo hupangwa mtoto angali tumboni mwa mama yake. Hakuna mafuta wala kitana kitakachougeuza. Hata dawa ya kunyoosha, ambayo hubadilisha umbo la unywele wenyewe, haigusi mwinamo wa kinyweleo, na nywele mpya, ambazo huongezeka kwa takriban sentimita 1 kila mwezi, hutoka zikielekea kule kule zilikoelekea za zamani. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona akina mama wakirudia kupaka dawa pale utosini kwa kudhani kwamba haikushika, na walichoambulia ni ngozi kuungua na nywele kukatika.

Kinachowezekana ni kuziambia nywele zilale wapi kwa siku hiyo, na lugha zinayoielewa ni maji. Unywele ukilowa hulegea, na ukikauka hushika umbo uliokaukia. Kwa hiyo kishungi kilichokwisha kukauka kikiwa kimesimama hakisikii kitana. Ni lazima kiloweshwe upya, na si kwa kupuliziwa maji juujuu, bali kwa kusuguliwa taratibu kwa ncha za vidole mpaka maji yafike kwenye ngozi. Usianze na mafuta, kwa maana mafuta huyazuia maji kupenya. Baada ya hapo kandamiza kwa taulo bila kufikicha.

Kwa mwenye nywele za singa, au zilizonyooshwa, kazi inayofuata hufanywa kwa draya yenye joto la wastani. Elekeza upepo kwenye shina na uzisukume nywele kwa vidole zote ziende kulia, kisha zote ziende kushoto, kisha kulia tena, kwa dakika 2 au 3, mpaka uone shina limepoteza ule msimamo wake wa upande mmoja. Hapo ndipo unapozilaza kule unakotaka kwa brashi, huku upepo ukitoka juu kwenda chini. Zikishakauka kabisa, usiiondoe brashi. Badili upepo uwe wa baridi na usubiri kidogo, kwa sababu umbo hukaza nywele zinapopoa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na kwa watu wa miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako unyevu wa hewa hukirudisha kishungi juu kabla ya adhuhuri, kuiruka ni sawa na kutofanya lolote.

Asiye na draya atumie vibanio viwili bapa, avipishanishe juu ya mzunguko nywele zikiwa bado na unyevu, kisha afunge kitambaa mpaka zikauke. Huchukua muda zaidi, lakini haziungui. Pasi ya nywele itumike tu kwenye nywele zilizokauka kabisa, kwani maji yaliyomo ndani ya unywele huchemka na kuupasua, nami nisingeipitisha kwenye kichwa cha mtoto.

Nywele za kipilipili zina tabia yake. Kwa kuwa zimejikunja, mzunguko hauonekani sana kama kishungi. Zikinyolewa fupi huonekana kama doa jeupe, na zikichanuliwa zikiwa ndefu hujigawa zenyewe na kuonyesha ngozi. (Doa lenye magamba au linalowasha ni jambo jingine: huenda ni mapunye, na hilo linahitaji kupelekwa zahanati.) Unapozinyoa nyumbani kwa mashine, weka kitana kirefu kuliko ulichotumia kwingine, na ufikapo utosini usivute mkono moja kwa moja kutoka kisogoni kwenda mbele, bali izungushe mashine kidogo kidogo kwa kufuata mlalo wa nywele. Ukinyoa kinyume cha mlalo, mashine hukata karibu zaidi na ngozi, na doa hutokea papo hapo. Kwenye kusuka, mwombe msusi asikaze pale mstari unapopita juu ya mzunguko, hasa katika twende kilioni, ambapo nywele zinazoelekea mbele hulazimishwa kurudi nyuma kwa wiki kadhaa. Nywele zinazovutwa hivyo kwa muda mrefu huishia kung'oka, na mbele kwenye paji la uso huenda zisirudi tena.

Kuhusu urefu, msimamo wangu ni kwamba ama uziache fupi sana, ama uziache zirefuke mpaka uzito wake wenyewe uzilaze. Urefu wa kati, kama pingili moja ya kidole, ndio wenye taabu kuliko wote. Usiku wa kuamkia Idi niliwahi kukikata kishungi cha mwanangu kwa mkasi karibu na ngozi, nikiamini kwamba nimemaliza kazi. Kwa siku tatu palitulia, lakini baada ya wiki mbili kile kipande kifupi kilikuwa kimesimama kama miba ya nungunungu, kikisukuma juu hata nywele ndefu zilizokuwa zikikifunika, na ilitubidi tusubiri miezi minne kifikie wenzake.

Njia ya nywele nayo isitolewe kwa mazoea. Mzunguko wa watu walio wengi hufuata mwendo wa mshale wa saa, na mtu wa namna hiyo hupata utulivu zaidi akitoa njia upande wa kushoto na kuzilaza nywele kulia. Mwenye mzunguko wa kinyume afanye kinyume chake.

Jeli hupakwa mwisho, kiasi cha punje ya njegere, kwenye shina lenye unyevu. Ya nyumbani hutosha: chemsha robo kikombe cha mbegu za kitani katika vikombe 2 vya maji kwa moto mdogo, ukikoroga kwa muda wa dakika 10 hivi, mpaka yawe mazito kama ute wa yai. Chuja ikiwa bado ya moto kwa soksi nyembamba iliyo safi, kwa sababu ikipoa haipiti, na uihifadhi kwenye friji kwa muda usiozidi wiki moja.

Usiku funga kitambaa cha satini, kwani foronya ya pamba hunyonya unyevu na kuzisugua nywele. Kishungi kikichomoza asubuhi, hakuna haja ya kuosha kichwa kizima. Lowesha pale pale kwenye mzunguko, kilaze kwa kiganja, kifunge kitambaa, na mtoto anywe chai yake kwa dakika 10 kabla ya kukifungua.