Kuweka NAS ya wifi ya tiketi Lubumbashi, na kuiandaa kwa siku ya umeme kukatika

NAS ninayoizungumzia hapa ni mlinda mlango wa mtandao. Inamsimamisha mteja, inamwuliza jina na nywila, inaulizia kwa seva ya RADIUS kama ana haki ya kupita, kisha inahesabu dakika na megabaiti anazotumia. Anayetafuta diski ya kuhifadhia mafaili, hii siyo. RADIUS ilianza 1991 katika kampuni ya Livingston Enterprises ya Marekani, enzi za modemu za simu, na mpaka leo ndiyo iliyo nyuma ya wifi nyingi za tiketi.

Nimeandika haya baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayeuza tiketi za saa, za siku na za juma. Kufunga vifaa hakukumsumbua. Kilichomfukuzia wateja ni umeme: ukikatika na kurudi, mtu aliyelipa anakataliwa kwa sababu seva inasema tayari yumo ndani. Kwa hiyo hatua ya tano ni ndefu kuliko nyingine zote, na ndiyo ninayokuomba usiiruke.

1. Vifaa

Ruta ya MikroTik kama NAS, na laptopu ya zamani yenye Debian (aina ya Linux) kama seva. Nasema laptopu makusudi: ina betri yake, inakula umeme kidogo, na ina saa isiyopotea ikizimwa. Kompyuta ya mezani bila betri usiiweke kazi hii. Seva iweke hapohapo kwenye mtandao wako, si ng'ambo. Intaneti ya nje ikiyumba, seva ya ng'ambo haifikiki na hakuna mteja mpya atakayeingia.

Kwa nyumba za watu tumia PPPoE (jina na nywila vinakaa ndani ya ruta ya mteja), kwa tiketi tumia hotspot (mteja anaandika jina na nywila kwenye ukurasa unaofunguka kwenye simu). Usichanganye.

2. Seva

`apt install freeradius freeradius-mysql mariadb-server`

Tengeneza hifadhidata, pakia jedwali zinazokuja na FreeRADIUS (programu ya seva ya RADIUS), washa moduli ya sql. Programu za malipo zenye kurasa za kupendeza utaziweka baadaye ukitaka. Anza na mafaili yenyewe, ili siku mambo yakiharibika ujue pa kutazama.

3. Kuitambulisha NAS

Kwenye `/etc/freeradius/3.0/clients.conf`:

```
client ruta_katuba {
    ipaddr = 192.168.88.1
    secret = weka_siri_ndefu_hapa
}
```

Ombi likitoka kwenye anwani ambayo haimo humu, FreeRADIUS hailijibu kabisa. Ruta itasubiri tu, na wewe utadhani kebo ni mbovu. Ruta yenye anwani kadhaa inaweza kutuma kwa anwani usiyoitarajia, basi ilazimishe kwa `src-address` (hapa 192.168.88.10 ni laptopu, 192.168.88.1 ni ruta):

`/radius add service=hotspot,ppp address=192.168.88.10 src-address=192.168.88.1 secret=weka_siri_ndefu_hapa`

Milango (port) ni 1812 ya kuruhusu na 1813 ya hesabu. Mafundisho ya zamani yanataja 1645 na 1646, yaache. Siri ikitofautiana hata kwa herufi moja, mteja haingii, na maombi ya hesabu yanatupwa bila jibu. Simamisha huduma, endesha `freeradius -X` inayoonyesha kila ombi linalofika, halafu jaribu kuingia kwa simu huku ukisoma kioo. Sijui njia bora kuliko hiyo.

Tangu udhaifu wa kiusalama wa RADIUS uitwao Blast-RADIUS ulipotangazwa Julai 2024, mimi naongeza `require_message_authenticator = yes` ndani ya mabano ya `clients.conf` hapo juu. Sasisha RouterOS (mfumo unaoendesha ruta ya MikroTik) kwanza, la sivyo seva inaweza kuyatupa maombi ya ruta yako.

4. Saa

Ruta nyingi za MikroTik hazina betri ya saa. Zikizimika zinaamka na saa isiyo ya kweli, pengine ya 1970. Weka chrony (programu ya kusawazisha saa) kwenye laptopu, uiruhusu itoe saa kwa mtandao wako hata intaneti ikiwa haipo, kisha ruta ichukue saa kutoka hapo:

```
/system ntp client set enabled=yes
/system ntp client servers add address=192.168.88.10
/system clock set time-zone-autodetect=no time-zone-name=Africa/Lubumbashi
```

Usiweke Africa/Kinshasa. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, na ukiiweka kwenye seva, tiketi ya kuisha saa kumi na mbili jioni itaisha saa moja usiku. Ukiwa na wateja wengi, hiyo ni hasara yako ya kila siku. Kwenye seva: `timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`.

5. Umeme unapokatika

Mteja akiingia, NAS inatuma taarifa ya mwanzo na seva inafungua mstari kwenye jedwali la `radacct`. Akitoka, NAS inatuma taarifa ya mwisho na seva inajaza `acctstoptime`. Ruta ikizimika ghafla, taarifa ya mwisho haitumwi kamwe. Mstari unabaki wazi. Kama umeweka `Simultaneous-Use := 1` ili tiketi moja isigawanywe kwa watu watano, seva inahesabu mistari iliyo wazi, inaona mmoja, inamkataa mwenye tiketi yake halali.

Wengi wakifika hapa wanaondoa `Simultaneous-Use`. Naelewa kwa nini, maana mteja amesimama mbele yako amekasirika. Lakini ukiiondoa, tiketi moja italisha uwanja mzima na biashara itakufa polepole.

Upo ujumbe wa Accounting-On, ambao NAS hutuma ikiamka ili seva ifunge mistari yake yote ya zamani. Usiutegemee peke yake. Si kila kifaa kinautuma, na ruta huamka haraka: seva nayo ikiwa ilizimika, ujumbe unapita kabla haijawa tayari kusikiliza.

Dawa ni kuilazimisha NAS itoe habari kila dakika tano:

```
/ip hotspot profile set hsprof1 use-radius=yes radius-accounting=yes radius-interim-update=5m
/ppp aaa set use-radius=yes accounting=yes interim-update=5m
```

Kisha seva ifunge mstari wowote uliokaa kimya dakika 15. Weka hii kwenye cron (kipanga kazi cha Linux), iende kila dakika tano:

```
UPDATE radacct
SET acctstoptime = acctupdatetime,
    acctterminatecause = 'Lost-Carrier'
WHERE acctstoptime IS NULL
AND acctupdatetime < NOW() - INTERVAL 15 MINUTE;
```

Angalia kwamba nimeandika `acctupdatetime`, si `NOW()`. Mteja hesabu yake inaishia pale alipoonekana mara ya mwisho. Kumtoza dakika za giza ni kumwibia.

Dakika 15 nazo nina sababu: taarifa moja au mbili zinaweza kupotea njiani, na hutaki kumfunga mtu aliye hewani. Mstari ukishafungwa kimakosa, taarifa zinazofuata haziufungui tena, na simu ya pili itaingia kwa tiketi ileile. Na hapa ndipo saa ya hatua ya nne inapouma: FreeRADIUS huandika muda uliotumwa na ruta yenyewe. Ruta ikidhani ni 1970, kila mstari unaonekana mzee, na cron inafunga watu wote walio hai.

Hakikisha pia `simul_count_query` imefunguliwa kwenye `queries.conf`, na `sql` imewashwa kwenye sehemu ya `session`. Bila hizo, `Simultaneous-Use` haihesabu kutoka kwenye hifadhidata.

Ukiwa na pesa kidogo, nunua betri ya volti 12 kwa ajili ya ruta. Soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye kifaa.

6. Kasi

`Mikrotik-Rate-Limit := "1M/3M"`. Namba ya kwanza ni ya kupandisha, kwa sababu ruta inahesabu inachopokea kwanza. Wengi wanaigeuza.

7. Kumtoa mtu

Ili seva iweze kumkata mteja aliye ndani: `/radius incoming set accept=yes port=3799` kwenye ruta, kisha ukuta wa moto uruhusu seva yako pekee.

8. Jaribio

Ingia kwa simu moja, subiri taarifa ya kwanza ifike, halafu chomoa waya wa ruta bila kuizima kwa utaratibu. Kaa dakika 20. Tazama `radacct`: mstari uwe umefungwa, na `acctstoptime` iwe ya kabla hujachomoa. Rudisha waya, subiri ruta ipate saa, ingia kwa tiketi ileile. Ikikubali, jaribu simu ya pili kwa tiketi hiyohiyo. Hiyo lazima ikataliwe. Yote mawili yakitimia, anza kuuza.