Namna ya kuilinda saa ya jioni: mwongozo kwa wazazi wageni wa Dodoma wenye watoto wadogo

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamishia shughuli zake Dodoma, familia nyingi changa zimejikuta zikilea watoto katika mji ambao hazina bibi, shangazi wala jirani wa siku nyingi. Sisi ni miongoni mwazo. Tulifika nikiwa na mimba ya miezi mitano, tukapanga nyumba Nkuhungu, na leo tuna watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Nimejifunza kwamba furaha na machungu ya nyumba ya namna hii hukutana kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku, wakati watoto wana njaa na usingizi kwa pamoja, mzazi mmoja yuko njiani na mwingine ameishiwa nguvu. Nyumba ikizipanga saa hizo tatu, mengine huvumilika. Ikiziacha zijiendee, hata siku iliyoanza vizuri huishia kwa kelele.

Maji kwanza

Dodoma ni nchi kavu. Mvua hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi linalopenya hata chini ya mlango uliofungwa. Kabla hujanunua kitanda cha mtoto, waulize majirani maji hutoka siku gani mtaani kwenu na saa ngapi, kisha uweke simtanki au ndoo kubwa za kutosha kuvuka siku za mgawo. Maji ya kuogesha watoto yatengwe asubuhi, kwa sababu kuanza kutafuta maji saa 12 jioni, mtoto akiwa mgongoni, ndiko kunakozaa ugomvi wa kwanza wa usiku. Kila ndoo iwe na mfuniko unaobana: mtoto anayejifunza kusimama anaweza kutumbukia kichwa chini na kuzama katika maji machache sana, na hatoi sauti.

Maji yakiwa haba, uso na mikono vipewe kipaumbele kuliko kuoga mwili mzima. Mkoa huu, na hasa Wilaya ya Kongwa, umesumbuliwa kwa miaka mingi na vikope, maradhi ya macho yanayoenezwa na nzi, vidole na vitambaa vinavyogusa nyuso chafu za watoto, na yasipotibiwa huweza kuleta upofu. Kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia kinachoinama na kuchirizisha maji ukikanyaga kijiti chake, kilichotengenezwa kwa dumu la lita 5 na kamba, kikaning'inizwa karibu na mlango, kinatosha kuwanawisha watoto wawili kutwa nzima. Mkubwa wetu hukikanyaga mara nyingi kuliko inavyohitajika, nami nimeacha kumkemea.

Chakula kiwahi machozi

Mtoto hunyonya maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi 6, kisha huanzishiwa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya. Hapa Dodoma bahati iko sokoni: uwele, mtama, karanga, mlenda na ubuyu havikosekani, na ugali laini wa uwele kwa mlenda huteremka kooni mwa mtoto mdogo bila mabishano. Pika mapema, ikiwezekana saa 10, ili saa 12 ibaki kazi ya kupasha moto na kulisha tu.

Nina tahadhari juu ya unga wa lishe unaouzwa tayari, uliochanganywa nafaka na karanga za aina nyingi. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota ukungu. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemsha, kwa hiyo nunua nafaka na karanga zilizokauka vizuri, chambua mwenyewe punje zilizosinyaa, zilizovunjika au kubadilika rangi, zitupe mbali na kuku pia, kisha upeleke mashineni kiasi kidogo cha kutosha wiki chache. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana tunaifanya Jumamosi, watu wazima wote wakiwa kwenye mkeka.

Zabibu nazo, fahari ya mkoa wetu, zisiachwe mikononi mwa mtoto wa chini ya miaka mitano zikiwa nzima, kwa kuwa ukubwa wake unatosha kabisa kuziba njia ya hewa. Zipasue kwa urefu, mara mbili. Karanga kwa umri huo zisagwe.

Mgawanyo wa kazi usemwe kwa sauti

Sheria ya kazi humpa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na humpa baba angalau siku 3. Mama anayenyonyesha akirudi kazini ana haki ya kupewa muda usiozidi saa mbili kila siku wa kumnyonyesha mtoto, haki ambayo wengi hawaidai kwa kuona aibu. Ofisi zikiwa Mji wa Serikali, Mtumba, umbali wa kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya jiji, saa hizo mbili huishia kwenye daladala, hivyo ni vizuri kukubaliana na mwajiri ziunganishwe mwisho wa siku ili ziangukie palepale kwenye jioni inayolindwa.

Baba wa watoto wangu si mvivu, lakini mwaka wa kwanza alikuwa akisubiri kuagizwa, nami nilikuwa nikisubiri ajionee mwenyewe, na kila mmoja akawa na kinyongo chake. Kilichotusaidia ni kugawana kwa majina ya kazi: yeye anaogesha na kulaza mkubwa kila siku anapokuwa nyumbani, hata kama amechoka, mimi nanyonyesha na kulaza mdogo, simu za wote wawili zinakaa juu ya kabati mpaka saa 2. Malalamiko husubiri kesho yake, kwa maana maneno yanayosemwa usiku na mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi sita huwa hayana kipimo.

Ukiajiri dada wa kazi, awe mtu mzima, alipwe kwa tarehe, na naye awe na saa yake ya kupumzika. Msichana aliyepaswa kuwa shuleni asiletwe kulea mtoto wa mwenzake.

Homa inapoingia usiku

Juni na Julai usiku wa Dodoma huwa wa baridi, na vikohozi huanza. Mdogo wetu alikuwa na miezi saba alipokohoa siku mbili. Tukampa dawa ya homa ya dukani, tukasema ni baridi tu. Usiku wa tatu dada ndiye aliyeniita: "Mama, mbona mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi?" Ilikuwa nimonia. Alilazwa siku nne, akapona, na mpaka leo nikisikia kikohozi chake gizani huamka nimekwisha kaa kitandani.

Kwa hiyo jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, funua kifua, hesabu kwa dakika 1 nzima ukitazama saa. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka mno; kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Akifikia hapo, au mbavu zikiingia ndani, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au kulegea asiamke vizuri, usingoje asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe bila kuhesabu chochote. Akiharisha, mpe maji ya ORS, yaani dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, yaliyochanganywa kwa kipimo cha pakiti, na kliniki itampa vidonge vya zinki. Namba ya bodaboda au bajaji anayekubali kuamshwa usiku iandikwe ukutani, kwa mkono, kwa sababu simu huzimika.

Chanjo zina tarehe zake: anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18. Kuzaliwa kwake kuandikishwe ndani ya siku 90.

Bibi wa kuazima

Machungu makubwa zaidi kwangu yalikuwa upweke. Mama aliyejifungua anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, na hali hiyo ikapita wiki mbili, aende kliniki akaseme waziwazi. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa na una tiba. Mwenzake aende naye.

Lakini upo pia upweke usio ugonjwa, nao dawa yake huanzia kwenye salamu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi bibi wa Kigogo anayeuza karanga barazani. Nilianza kwa shikamoo, nikanunua karanga ambazo sikuzihitaji, nikamuuliza mlenda wake anaupikaje. Sasa saa 11 na nusu, jua likishapoa, watoto hupelekwa barazani kwake na mmoja wetu, wanamsalimu "Mbukwenyi" kwa matamshi yanayomchekesha mpaka anafuta macho, na wanakaa mkekani nusu saa wakati aliyebaki nyumbani anapasha chakula. Kila mwanzo wa mwezi tunampelekea sukari na majani ya chai. Akiumwa, baba wa watoto ndiye humpeleka hospitali, na siku hizo chakula cha jioni huchelewa.