Barua ya mtendaji siyo kibali cha kukata mti

Juzi kaja mzee mmoja ofisini katokea huko Chanika, kashika kiroba, ananiambia bwana shamba naomba uniangalizie huu mti kama unaruhusiwa kukatwa. Nikamuuliza mti wenyewe uko wapi, akasema si ndo huu. Akatoa kipande cha gogo. Yaani mti keshaulaza, keshaukatakata, kapeleka vipande kwa mchonga vinyago apate hela ya mbegu, na mchongaji alivyoona tu ndo kamwambia mzee wangu kaulize kwanza huko serikalini. Nikakigeuza kile kipande, katikati cheusi tii, pembeni ukanda mwembamba wa njano iliyopauka, kizito kama jiwe. Mpingo. Nikamwambia mzee huu una sheria yake, akaingiza mkono mfukoni akatoa barua ina muhuri wa mtaa, "mbona kibali ninacho".

Nikaisoma. Barua inasema fulani ni mkazi wa mtaa huu, ana shamba lake la ekari mbili, apewe ushirikiano. Basi. Neno kukata halimo, neno mti halimo. Hiyo ni barua ya utambulisho jamani, inakusaidia kufika kwa afisa misitu ukiwa mtu unayejulikana, haikupi mti. Na huyu siyo wa kwanza wala wa kumi, kila ikikaribia masika watu wanasafisha mashamba Kigamboni, Bunju, Chanika, Kisarawe, na kila mwaka naletewa kisiki.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inampa waziri uwezo wa kutangaza mti fulani kuwa umehifadhiwa, na ukishatangazwa umehifadhiwa hata ukiwa umesimama nyuma ya choo chako. Hati ya kiwanja inakupa ardhi, kwa mti wa namna hiyo unahitaji kibali kingine, na kibali hicho kinaanzia kwa afisa misitu wa manispaa au ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya yako. Mjumbe hatoi, mtendaji hatoi, fundi wa chenso ndo kabisa hatoi hata akikwambia anajuana na watu.

Sasa tatizo kubwa ni kwamba wengi hamuijui miti yenyewe ikiwa bado mibichi. Mpingo mdogo unaonekana kama kichaka cha miiba, una mashina matatu manne kutoka sehemu moja, watu wanaufyeka wanafanyia uzio. Mninga kiangazi unapukutisha majani wote, unabaki kama umekufa, hapo tafuta matunda yake chini: ni ya duara, bapa, katikati pana vinywele vya kuchoma na pembeni pana ukingo mwembamba kama karatasi, ukiliangalia ni kama yai la kukaanga. Chana gome kidogo kwa kisu, kidogo nimesema, utomvu wake mwekundu kama damu. Mvule ukiuchana unatoa maziwa. Mkongo utaujua kwa mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu.

Wa pwani na nyie, Mbweni, Kunduchi, Mtoni Kijichi. Mikoko ya Tanzania bara ni hifadhi, yote, na mikoko siyo ule wenye mizizi iliyosimama juu ya tope kama miguu tu. Mtu anakata mchu ananiambia huu siyo mkoko bwana huu ni mchu. Mchu ni mkoko! Uone mizizi yake inachomoza kwenye tope kama penseli, jani kwa chini linang'aa jeupe, lilambe utasikia chumvi.

Vipimo, hapa sikilizeni vizuri maana ndo mnaponichosha. Mti unapimwa ukiwa umesimama, mita 1.3 kutoka ardhini, siyo kwenye kisiki, siyo kiunoni, siyo "kama hapa hivi". Kata fito ya sentimita 130, isimamishe kwenye shina, weka alama, zungusha futi ya fundi cherehani hapo. Kama ni mteremko simama upande wa juu. Kama shina limegawanyika chini ya hiyo alama basi kila shina pima peke yake, usijumlishe kama unajumlisha hela. Ukipata mzunguko gawanya kwa 3.14, mfano sentimita 98 inakupa kipenyo cha kama 31. Kwa mpingo, chini ya kipenyo cha sentimita 24 hauvunwi, kwa hiyo mzunguko usipofika 76 usipoteze nauli ya kwenda kuomba kuuvuna. Ukipima kwenye kisiki unapata namba kubwa ya uongo maana shina huwa nene chini, alafu afisa akija na futi yake mnaanza kugombana.

Kama shamba liko karibu na mto au bahari kuna mita 60 za kuachwa kwa ajili ya hifadhi, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Pima kuanzia ukingo wa mto, siyo pale maji yalipo mwezi wa tisa mto umekauka. Baharini nakushauri uanzie maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa sana, yanapofika. Kamba ya mita 30 mara mbili, hatua za miguu sizitaki.

Nenda kwa afisa misitu wiki tatu nne kabla ya siku ya kukata, kwa masika ina maana mwanzoni mwa Februari, siyo siku mashine ipo shambani na mafuta yameshawekwa. Beba barua ya mtendaji (ndo kazi yake hiyo), karatasi ya umiliki, vipimo, na picha nne: mti mzima mtu kasimama pembeni, gome kwa karibu, tawi lenye majani mengi, na tunda au ua. Jani moja limekunjamana kwenye pochi halinisaidii kitu.

Karatasi ya kibali ikitoka ina jina la mti, idadi na risiti ya malipo ya kontroli namba, basi uko sawa.

Fundi wa chenso usimpe hata advansi kabla hujaishika. Na kibali cha kukata hakikupi ruhusa ya kupakia, mzigo kuingia barabarani una hati yake ya kusafirishia, bila hiyo kwenye kizuizi unaachia mbao na Fuso la watu linazuiwa.

Kama umeshakata ndo unasoma hii, usichome, usipasue, usifukie kisiki. Nenda karipoti leo leo, na gogo liache pale pale lilipolala, usilisogeze hata kivulini.