Kushusha Datsun 240Z kwa barabara za Malindi: pima kwanza, nunua baadaye

Mwenye Datsun 240Z, lile gari la michezo la Kijapani, akija gerejini kwangu hapa Malindi, huwa ameshaamua gari lishuke kiasi gani. Ameona picha, halafu akaliangalia lile pengo kati ya tairi na madigadi akalichukia. Mimi humwomba jambo moja tu: tusinunue chochote kabla hatujapima barabara. Gari hili ndilo lililowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews mwaka 1973. Liliweza kwa sababu magurudumu yake yana nafasi ya kupanda na kushuka. Kila sentimita unayoishusha bodi unaikata kutoka kwenye nafasi hiyo, kwa hiyo lazima ujue unayo ngapi.

Hatua ya 1: Pima matuta

Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, 240Z ina takriban mita 2.3. Kata kamba ya urefu huo uifunge kwenye vijiti viwili, kila upande ikiwa sentimita 30 kutoka chini. Watu wawili wasimamishe vijiti hivyo, mmoja huku na mmoja kule, tuta likiwa katikati, na kamba ikazwe. Wa tatu apime kutoka kwenye kamba hadi kilele cha tuta. Akipata sentimita 18, maana yake tuta hilo linakula sentimita 12 za nafasi iliyo chini ya tumbo la gari. Nenda alfajiri, kabla bodaboda hazijachangamka, na uchague tuta baya kuliko yote unayopita kila siku. Mara nyingi si la barabara kuu ya Mombasa, ni lile la mtaani lililojengwa na wakazi wenyewe.

Kisha pima gari: tangi limejaa, dereva na abiria wamekaa ndani. Tafuta sehemu iliyo chini zaidi, ambayo aghalabu ni egzosi. Ikiwa una sentimita 15 na tuta linakula 12, zimebaki 3, na hapo springi haijabonyea hata kidogo. Mwenye hesabu hiyo aanze kwa kuipandisha egzosi karibu na sakafu ya gari. Springi baadaye.

Hatua ya 2: Pima safari ya shokabzoba

Hapa ndipo wengi wanaporuka, nami niliwahi kuruka. Miaka ya mwanzo nilimkatia mteja springi mzunguko mmoja na nusu, nikamwachia shokabzoba za zamani. Gari likapendeza. Baada ya wiki chache likarudi likigonga kama nyundo, na nilipoliinua kwa jeki springi ilicheza ndani ya kikalio chake. Ingeweza kutoka kabisa gurudumu likining'inia. Tangu siku hiyo sikati springi ya mtu.

Inua kifuniko cha vumbi, funga mkanda mwembamba wa plastiki kwenye fimbo ya shokabzoba, usukume chini hadi ukae juu ya bomba. Endesha njia yako ya kawaida ukiwa na abiria. Ukirudi, gari likiwa limesimama chini, utakuta mkanda umesukumwa juu. Pengo lililo chini yake ni safari uliyoitumia; lililo juu yake, hadi kwenye mpira wa kuzuia mgongano, ndiyo akiba yako. Pima magurudumu yote manne, maana nyuma na mbele hazilingani.

Hatua ya 3: Chagua springi kwa hesabu

Tuseme kutoka gari lilivyosimama hadi kwenye mpira una sentimita 9. Ukishusha 3, zinabaki 6. Ili gurudumu limeze pigo lile lile kwa nafasi ndogo, ugumu wa springi hauongezeki kwa uwiano wa kawaida, unaongezeka kwa mraba: 9 gawanya kwa 6 ni 1.5, na 1.5 mara 1.5 ni 2.25. Yaani springi ngumu zaidi ya mara mbili, ukiacha mchango wa shokabzoba. Ukishusha 2, unapata takriban 1.65. Ukishusha 1.5, ni 1.44. Angalia jinsi ile sentimita ya mwisho ilivyo ghali! Kwa gari linalotembea kweli, linaloenda Watamu Jumapili na Mombasa mwisho wa mwezi, mimi sipitishi sentimita 2.

Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hili, pamoja na shokabzoba fupi zenye nguvu ya kuzituliza. Springi ngumu juu ya shokabzoba iliyochoka italirusha gari hadi uogope. Shokabzoba zenye kola ya kuzungusha kwenye uzi, ambazo hupandisha na kushusha gari utakavyo, ni nzuri sana. Lakini huku pwani chumvi huingia kati ya kola ya alumini na bomba la chuma, zikashikana zisizunguke tena. Ukizichagua, paka grisi kwenye uzi na uzisuuze kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila ukitoka njia ya ufukweni.

Hatua ya 4: Rudisha pembe za mikono

Bodi ikishuka, mikono ya chini ya mbele huinuka upande wa gurudumu. Hapo gari hulala zaidi kwenye kona ingawa liko chini, na ukipita bonde usukani hujivuta wenyewe. Dawa yake kwa 240Z ni kipande cha chuma, kama milimita 25, kinachowekwa kati ya sehemu ya chini ya bomba la shokabzoba na mkono wa usukani. Kinashusha boli jointi (kiungo cha mwisho wa mkono wa chini) na tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu) kwa pamoja. Bolti lazima ziwe ndefu zaidi na za daraja lile lile la ugumu. Ukishafunga, zungusha gurudumu kwa mkono uhakikishe hakuna kinachogusa rimu. Kwenye rimu za inchi 14 nafasi ni finyu.

Hatua ya 5: Funga

Stendi chini ya gari, kamwe usitegemee jeki pekee. Springi ibanwe kwa vyuma viwili vya kubania, vikazwe kwa zamu, na uso wako usiwe mbele yake. Bushi zote za mpira, yaani vile vikombe kwenye viungo vya mikono, badilisha sasa, kwa sababu joto na chumvi huwa vimeshazipasua.

Na hili nisisitize: nati za bushi usizikaze gari likining'inia. Zishike kidogo tu, shusha gari litue kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa hewani, mpira hubaki umesokotwa siku zote, na utapasuka mapema.

Hatua ya 6: Baada ya kilomita 200

Springi mpya hukaa chini zaidi baada ya siku chache, kwa hiyo alainimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, isubiri. Magurudumu yatakuwa yameinamia ndani kwa juu, hasa ya nyuma, na gari hili halikutoka kiwandani na sehemu ya kurekebisha hilo. Bushi zenye tundu la pembeni, si la katikati, zitakusaidia. Kagua mabomba ya breki yasivutike usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande. Kisha egesha mbele ya ukuta usiku urekebishe taa, funga tena ule mkanda wa plastiki kwenye fimbo, na urudi kwenye tuta lako.