SOMO: Kuchagua siku na sehemu ya snokeli (kuogelea na miwani na mrija wa kupumulia, kutazama samaki) Unguja (someni kabla ya kunifuata inboksi)

Wakuu, kila sikukuu ikikaribia ni swali lile lile: "Nina siku mbili Zanzibar, niende wapi kuona samaki?" Naandika mara moja hii, basi.

1. Sehemu. Mnemba kuna samaki wengi na boti nyingi. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli, hamteremki, mnaogelea kwenye mwamba unaokizunguka. Chumbe ni hifadhi tangu 1994, matumbawe yake sijaona mfano, ila nafasi chache na mfuko utalia. Changuu na Bawe ni jirani na mji, zinawafaa wenye watoto. Kizimkazi watu hufuata pomboo, snokeli ni nyongeza.

2. Upepo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikikaza, Juni mpaka Septemba, pwani ya mashariki hupigwa. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, nayo huichafua Mnemba. Maleleji, ule utulivu kati ya pepo hizo mbili, ya Oktoba na Novemba ndiyo raha yenyewe.

3. MAJI. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilimpeleka shemeji yangu na wanawe Matemwe, pwani ya mashariki, mwezi 16 (yaani tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu), bamvua, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, limekolea. Mtoto wa mjini mimi, sikujali. Tukaondoka saa 2 asubuhi maji yakitoka. Kule mwambani mkondo ukatubeba hadi nahodha akatufuata na boti. Kurudi saa 5, bahari haipo! Boti imekaa mbali kabisa na ufukwe, tukashuka kutembea kwenye mwani na mawe, maji ya vifundoni. Shemeji akakanyaga fuma, yule mnyama wa baharini mwenye miiba kama nungunungu. Miiba kumi na moja kisigino cha kushoto, niliihesabu mwenyewe huku mama mmoja mkulima wa mwani akimpaka utomvu wa papai bichi.

Basi shikeni hesabu hii. Bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi 15, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji hujaa kama saa 10 na kupwa kama saa 4, mchana na usiku. Tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, na maji yote hayo yakipita ndiyo mkondo wenyewe. Maji mafu ni kama mwezi 8 na mwezi 23: hujaa karibu saa 4 asubuhi, yanatembea pole, chini kunaonekana. Kila siku saa husogea mbele dakika 50 hivi. Kalenda ya msikitini inakutosha. Usimwachie papasi, wale vijana wanaotafutia watalii safari, hesabu hii. Kwa papasi maji ni mazuri siku zote.

4. Miwani: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikianguka, omba nyingine.

5. Jaketi la kuokolea vaa, hata kama unajua kuogelea.

6. Usisimame juu ya matumbawe.

MASWALI

— Bei gani mkuu?
Ya wapi, watu wangapi, kutoka pwani ipi? Na ukiuliza huko, uliza kama ada ya hifadhi imo ndani.

— Mnemba tunaruhusiwa kupiga picha ufukweni?
Namba 1.

— Unatisha watu bure. Mie nilienda bamvua, safi kabisa.
Uliondokea wapi?

— Nungwi.
Ndiyo maana. Nungwi na Kendwa maji hayakimbii ufukwe kama Matemwe, Paje au Jambiani. Waulize wa Jambiani uone.

— Niko Mombasa, tunapanga hifadhi ya bahari ya Kisite. Hesabu yako inafanya kazi huku?
Swali zuri sana. Inafanya, saa za maji pwani yetu hazipishani sana. Tafuta maji mafu, ondokeni Shimoni mapema kabla upepo wa mchana haujaamka. Ukirudi tuletee habari, huko sijafika.

— Sisi wa hijabu tunaingiaje?
Dada, nyie ndio mna faida. Nguo ya kuogelea ya mikono mirefu inakinga mgongo, na jua la mgongoni ndilo linalowalaza wenzenu chali... samahani, kifudifudi. Baibui pana usivae, linavuta maji.

— Miwani inaingia ukungu kila dakika.
Tema mate ndani, sugua, suuza kidogo. Ikiwa mpya, isugue kwanza kwa dawa ya meno. Wenye masharubu, pakeni mafuta ya mgando chini ya pua, maji hayatapenya.

— Shemeji mwenyewe nipo humu. Mbona husemi kilichonituliza ni maji ya moto, si papai?
Haya shem, yameingia. Wote: maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasikuunguze, mguu ukae humo nusu saa au zaidi. Miiba inayochomoza itolewe kwa kibano. Ukichomwa kwenye kiungo, hospitali.

— Na viatu vya mpira je?
Elfu chache tu sokoni Darajani. Shemeji nilimwambia avue, visiloe.